Maji Yaliyoua Mbuzi wa Kijiji

Katika daftari la vifo la kijiji chetu, wifi yangu Dominika ameandikwa mstari mmoja tu: mwanamke, mkulima, umri miaka themanini, sababu ya kifo uzee. Hakuwa amefika hata sitini. Mwaka jana nilikwenda ofisini kumwomba karani asahihishe. Alinipa kiti, akaniamkia vizuri kwa kuwa nilimfundisha darasa la tatu, kisha akasema, "Mwalimu, mbona marehemu mwenyewe hajalalamika?" Wenzake wawili wakacheka. Nikaaga nikatoka.

Sikuwa nimekwenda kwa ajili ya umri peke yake. Miezi michache kabla ya hapo tulimzika mume wangu, Cecil, mdogo wake Dominika, na katika matanga nilimsikia mwanamke aliyekuwa akiosha sufuria akimwonya mwenzake asinywe maji ya mtungi wetu. Alimwambia ndiyo nyumba ya yale maji. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita. Nyumba hii imetoa walimu wanne na katekista mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimamishwa mbele ya hakimu. Nimekaa kimya muda wote huo nikidhani ukimya ndiyo heshima. Sasa nitaandika ilivyokuwa, ili wajukuu wangu wakiulizwa wajue la kujibu.

Dominika alizaliwa bondeni, kando ya Ruvuma, kabla wazazi wao hawajampeleka Cecil kusoma misheni. Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Mwaka 1967 walimu tulipewa kazi ya kuhesabu watu, na Cecil akaangukiwa na nyumba ya dada yake mwenyewe. Alipomuuliza umri, Dominika alimwambia aandike kwamba mwaka wa nzige yeye alikuwa msichana wa kutosha kumbeba Cecil mgongoni, na kwamba Cecil alikuwa mzito na mlizi. Kisha akauliza kwa nini Serikali haihesabu na mbuzi. Kuku, alisema, akiachwa hufika miaka sita. Mbuzi akiachwa hufika kumi na miwili, mbwa vilevile.

"Na mtu, dada?" Cecil akauliza.

"Mtu sijui. Sijamwona aliyeachwa."

Tulicheka, na Cecil akaandika miaka arobaini na saba. Cheti cha ubatizo cha Cecil kinasema alizaliwa 1932, na mtoto wa kike wa kumbeba mwenzake hapungui miaka kumi au kumi na miwili. Hesabu hiyo ninaisimamia mpaka leo.

Dominika alikuwa na sababu ya kusema vile. Mwaka mmoja kabla, mume wake alikuwa akishuka shambani na mbuzi jike kamba mkononi, akakanyaga bomu lililofukiwa njiani. Vita ya Msumbiji ilikuwa imefika ukingoni mwa mto, na Wareno hawakuchagua wa ng'ambo hii wala ile. Waliomkuta walisema mtu na mbuzi walilala ubavu kwa ubavu. Dominika akafunga mizigo, akapanda na binti yake mmoja mpaka kwa Cecil uwandani, kule juu. Huyo binti alifariki mwaka 1969 akimzaa Leonia. Tangu hapo walibaki wawili, bibi na mjukuu, katika nyumba ndogo nyuma ya yetu.

Mimi ni Mmakua wa Lisekese, nimesoma shule ya Ndwika, na ninajua kwamba kwetu na kwa Wamakonde wa kina Cecil jambo hili ni moja: ukoo hufuata mama. Watoto niliomzalia Cecil ni wa ukoo wangu. Ukoo wake yeye ulikuwa umebaki kwa Dominika, aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, na kwa Leonia. Cecil akirudi kutoka shuleni alimchukua mtoto yule mabegani kabla ya kuwasalimia watoto wake.

Kutoka bondeni Dominika alileta mbegu ya muhogo mchungu na namna yake ya kuutengeneza. Muhogo mchungu watu wa uwandani waliulima pia, kwa sababu nguruwe mwitu hawaupendi. Lakini juu huku hakuna maji. Wanawake walimenya, wakapasua, wakaanika juani majuma matatu mpaka makopa yakauke na kuwa meupe, ndipo wakatwanga. Watu wa mtoni, ambao maji yalikuwa mlangoni, waliuloweka. Dominika alimenya, akautia mtungini siku tatu, akaumwaga ule mchuzi shimoni na kulifukia, akaukamua muhogo, akauanika siku tatu nyingine. Unga wake ulikuwa mlaini, na ugali wake haukuacha ukakasi ulimini. Mtungi wenyewe ulikuwa mkubwa, mweusi, umefungwa kamba ya katani shingoni pale ulipopasuka wakati wa safari.

Wanawake walimcheka. Kwenye foleni ya bomba walisema, "Mpisheni mwenye mihogo yake, mihogo ina kiu." Dominika aliwajibu kwamba mihogo yake ina adabu, ikinywa haisemi watu. Alipendwa, ingawa kama mgeni. Wengine wawili au watatu walianza kumuiga.

Mwaka 1974 tukahamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara ya kwenda Tandahimba. Cecil akawa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa Dastani, mtu wa bidii aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima na ambaye hakutaka kushindwa na kijiji chochote. Mashamba ya zamani yalibaki maili sita nyuma. Mvua hazikunyesha ilivyotakiwa, bomba likakauka, na wanawake wakawa wanashuka bondeni alfajiri na kurudi mchana na debe moja. Watu walichimba ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka ikaisha. Muhogo mchungu ndio uliosimama, na hata huo uliandaliwa kwa haraka. Hakuna aliyeweza kungoja majuma matatu na watoto wanalia. Makopa yalianikwa siku kumi, baadaye saba, baadaye nne.

Ndipo kuloweka kulipoonekana kuwa na maana. Siku sita tu, unga tayari. Dominika aligawa maji yake hivi: debe moja la kunywa na kupikia, debe moja la mtungi. Alishuka bondeni mara mbili kwa siku, na umri wake ule. Majirani wakaanza kuja kumwuliza. Nakumbuka nilihesabu nyumba saba zenye vyungu vya kulowekea, na nilijivunia kwamba elimu ile imetoka kwetu.

Kijiji kilikuwa na mbuzi kumi na wawili, waliotolewa na wilaya kuwa mradi wa ujamaa. Dastani alikuwa ameahidi kwamba kabla mwaka haujaisha watafika ishirini, na wakubwa wa wilaya walikuwa waje kuwatazama. Mbuzi wale hawakupata maji kama ambavyo watu hawakuyapata. Asubuhi moja ya Oktoba walivunja ugo wa Dominika, ambaye alikuwa bondeni na Leonia, wakaukuta mtungi. Maji yalikuwa na siku ya tatu. Walikunywa mpaka wakaupindua, wakala na maganda. Kabla jua halijafika utosini watano walikuwa wamelala uani, mapovu mdomoni, miguu ikipiga ardhi. Wawili zaidi walifia njiani wakirudishwa zizini.

Danieli, mhudumu wa zahanati, aliitwa. Aliinama, akanusa mtungi, akasema mbele ya watu, "Humu mna sumu." Alikuwa na maneno mengine ya kusema baada ya hayo, aliniambia mwenyewe siku nyingine. Alitaka kusema kwamba sumu ni ya muhogo, na ikiwa majini haipo tena ndani ya muhogo. Hakuna aliyengoja. Neno lilikwisha kuruka ugo.

Mkutano ulifanyika siku ileile chini ya paa la ghala. Dastani hakupiga kelele. Alieleza kwamba mbuzi ni mali ya wananchi, kwamba kuna watu wanaohujumu Ujamaa, na kwamba Mreno ana watu wake hata upande huu wa mto. Kisha akamgeukia Dominika na kumuuliza nani alimfundisha kutengeneza sumu ndani ya mtungi.

"Mama yangu," Dominika akasema. "Na yeye alifundishwa na mama yake. Ila siyo kuitengeneza, mwenyekiti. Ni kuitoa."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe ni ya ukoo," na watu wakaguna kwa pamoja.

Niliusikia ule mguno mgongoni mwangu. Cecil alikuwa amekaa mbele kwenye benchi la walimu, akitazama viatu vyake. Nilijua anachofikiri, kwa kuwa ndicho nilichofikiri mimi: mwalimu mkuu ambaye dada yake anaitwa mchawi na mhujumu hatakaa shuleni hata muhula mmoja. Mkutano uliamua Dominika achimbe mashimo mawili ya takataka kama adhabu, na shauri lingeangaliwa tena iwapo lingetokea jingine.

Jioni hiyo zile nyumba saba zilivunja vyungu vyao. Nilivisikia vikivunjwa kimoja kimoja. Watu waliona kwa macho yao maji yaliyolowekewa muhogo yakiua mbuzi saba. Basi walisema, kuloweka ndiko kunakoutia muhogo sumu, na muhogo usioguswa na maji ndio salama. Wakarudi kwenye jua la siku nne.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Dominika. Nilimkuta anaupaka mtungi wake udongo pale ulipopata ufa mpya. Nilimsalimu, nikakaa, nikamwambia aache kuloweka. Nilimwomba kwa heshima ya mdogo wake na kwa jina la nyumba.

Aliendelea kupaka. "Mama Claudia, wewe umesoma," alisema. "Kile kitu kimetoka ndani ya muhogo kikaingia majini. Mbuzi amekinywa. Kisingetoka, nani angekila?"

"Najua, wifi."

"Unajua?"

"Najua. Lakini hawa hawaulizi habari za muhogo. Wanauliza habari zetu. Anika kama wengine mpaka maneno yapoe."

Nilikuwa nimefundisha maarifa ya nyumbani miaka kumi na minne. Nilikuwa na picha ya muhogo ukutani darasani, na neno michungu nimeliandika kwa chaki nyekundu. Nilidhani atabisha, nami nilikuwa tayari kwa ubishi. Lakini yeye alikuwa mgeni katika kijiji kile na mimi nilikuwa mke wa mwalimu mkuu. Akanawa udongo mikononi kwa maji kidogo sana, akasema, "Kama wewe unayejua unasema hivyo, sawa." Akaubeba mtungi akauingiza ndani, akaugeuza mdomo chini.

Hayo yalitokea Jumanne. Majuma mawili baadaye, Jumamosi, walikula ugali wa unga wa siku nne, mchana, kwa kisamvu. Leonia alikuja nyumbani kwetu baada ya kula kama alivyozoea. Aliniambia kichwa kinazunguka. Nilidhani ni jua, nikamlaza mkekani na kumpa maji ya limau. Akatapika. Akasema haoni vizuri mlango. Cecil alichukua baiskeli kumfuata Danieli, nami nikamfunika mtoto kanga, na Dominika akaja anajikokota, naye anatapika, akakaa na kuweka kichwa cha Leonia mapajani. Pumzi za mtoto zilikuwa zikija kwa kuruka. Danieli alipofika na mkoba wake, hazikuwapo tena pumzi za kupima. Leonia alikuwa na miaka mitano na miezi minne. Huyo nilimwandika mwenyewe siku aliyozaliwa, kwa hiyo najua.

Juma lilelile walifariki watoto wawili wengine, nyumba ya nne na ya kumi na moja.

Baada ya mazishi Danieli alikuja na daftari la zahanati. Alikuwa kijana mwaminifu. Alisema, "Mwalimu, niandike nini? Nikiandika muhogo, mwenyekiti atauliza muhogo wa nani. Watasema bibi amempa mjukuu dawa ileile ya mbuzi." Alitaka wilaya ipate habari, maana daftari lile lilikuwa likisomwa na daktari kila mwezi. Lakini pia aliogopa, na alikuja kwangu nimchagulie.

Nikamwambia, "Andika homa."

Akaandika homa. Kwa wale wawili wengine akaandika homa pia, ili mistari ifanane. Daktari wa wilaya alisoma homa tatu, akatuma vidonge vya kwinini.

Mwezi wa Novemba na Desemba miguu ikaanza. Mwanamke alilala mzima akaamka magoti yamekaza, akisimama anatembea kwa vidole vya miguu kama mtu anayeruka matope. Watu kumi na watatu, karibu wote wanawake na watoto. Dominika alikuwa mmoja wao. Hawakufa kwa hilo, wala hawakupona. Watatu kati yao wanapita barabarani mpaka leo kwa fimbo mbili, na mmoja wao alikuwa na miaka saba wakati ule.

Kijiji hakikuhitaji daftari. Kilikuwa na maelezo yake. Walisema mbuzi hawakumtosha. Walisema amemtoa wa kwake ili asishukiwe, kisha akajitia kilema ili aonewe huruma. Hakuna lililomfika ambalo halikugeuzwa kuwa ushahidi. Cecil aliomba uhamisho na hakupewa. Dastani, kwa haki, alikataza watu wasimchomee nyumba. Alisema Serikali haitambui uchawi. Aliongeza kwamba Serikali inatambua mbuzi saba.

Dominika aliishi miaka mitatu na nusu baada ya hapo. Nilimpelekea chakula kila siku, na alikula akinishukuru. Hakunitamkia neno baya hata siku moja, jambo ambalo nimelichukua kama lilivyo. Watoto wa shule walikuwa wakisema kwa sauti anaposikia kwamba bibi yule hafi kwa kuwa anaishi kwa miaka ya Leonia. Siku moja, tukichambua njugu, aliniuliza mbuzi wale walikuwa na umri gani. Nikasema miaka miwili, wengine mitatu.

"Basi kila mmoja alibakiwa na tisa au kumi," alisema. "Na Leonia. Ukiijumlisha ni mingi, mama. Mimi siitaki. Nani nimpe?"

Nilimwambia asisikilize watoto. Tangu siku ile alianza kuacha nusu ya chakula, baadaye robo tatu, akisema ameshiba. Niliwahi kumkuta akimmwagia kuku ugali wake nyuma ya nyumba, taratibu, fimbo moja imeegemezwa ukutani. Nilimsihi. Cecil alimsihi. Alisema tu kwamba kuku yule ana mwaka wa tano na hajawahi kuguswa. Alifariki Juni 1978, akiwa mwepesi kiasi kwamba Cecil alimbeba peke yake. Karani wa kijiji, kwa kuwa vifo havikuandikwa tena na Danieli, alitazama mwili na fimbo mbili akaandika themanini, uzee. Sikumzuia. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba neno lililoandikwa ni neno safi.

Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu ofisini mwaka jana. Karani wa leo alipomaliza kucheka nilirudi siku nyingine nikiwa na karatasi. Niliandika majina manne, ya Leonia, ya watoto wawili na ya Dominika, na mbele ya watatu wa kwanza niliandika: muhogo mchungu usiokamilishwa kutengenezwa. Mbele ya Dominika niliandika miaka hamsini na minane, na sababu niliiacha wazi kwa sababu sikupata neno ambalo ofisi ingelipokea. Karani aliisoma yote bila kucheka. Akasema daftari la mwaka 1974 liliharibiwa na mchwa, halipo, na karatasi haiwezi kusahihisha daftari ambalo halipo. La 1978 lipo, lakini ndilo lenye muhuri.

Mwaka huu mvua zimekuwa chache tena. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimewaeleza wanawake, wengi wao niliwafundisha mimi, kwamba muhogo ulowekwe siku tatu na maji yake yafukiwe mbali na wanyama. Nimewaambia waziwazi kwamba nililijua hilo mwaka 1974 na nikamzuia aliyekuwa akilifanya. Wananisikiliza wamekunja mikono. "Ndiyo, Mwalimu," wanasema, "tumesikia, shikamoo." Kisha napita na kuona makopa yameanikwa juu ya paa, bado yana unyevu, na mchi unasikika siku ya nne.

Mtungi wa Dominika umo uani kwangu, umefungwa kamba mpya shingoni. Ninauloweka muhogo wangu mwenyewe, na ugo nimeuzidishia miti ili mbuzi wasipite. Jana, mtoto wa jirani, binti wa miaka mitano hivi, alisimama nje ya ugo akichungulia. Nilimwita aje nimwonyeshe. Mama yake alitoka mbio, akamshika mkono, akaniamkia vizuri sana, akampeleka nyumbani kula.